Umerithi ploti ya mteremko? Usiiuze bado, soma hapa kwanza

Na MWANDISHI WETU

SHAMBA la familia likigawanywa, kuna mtu lazima apewe 'ile sehemu ya bondeni'. Kaka mkubwa anachukua palipo tambarare karibu na barabara. Wewe kitindamimba unaachiwa mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa tahadhari.

Muda si muda broka anafika. Anakuambia ardhi hiyo haijengeki, anataja bei ya kutupa, nawe kwa sababu una madeni na umechoka kulipa kodi ya keja mjini, unatia sahihi. Miaka mitano baadaye unapita hapo na kukuta mjengo wa kisasa umeketi mlimani, na watu wanaupiga picha za kuweka Insta.

Shida haikuwa mteremko. Shida ni kwamba wengi wetu tunajua mchoro mmoja tu wa nyumba: bangaloo ya kuwekwa mahali palipo sawa kama meza. Tukipewa kilima, wazo la kwanza ni kuita tingatinga.

Mteremko ukiujua vizuri hukupa vitu ambavyo jirani wa tambarare hulipia: mandhari, upepo, maji yanayoteremka bila pampu na mwanga unaoingia kila chumba. Ila mteremko huohuo hauna huruma kwa anayeupuuza. Mnamo Novemba 2019, maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya West Pokot yaliwaua makumi ya watu waliokuwa wamelala nyumbani mwao. Aprili 2024, maji yaliyoteremka kwa kishindo karibu na Mai Mahiu yalisomba nyumba na wenyewe usiku.

Kwa hivyo kabla ya kufikiria vioo na balkoni, tuanze na jambo ambalo linaweza kuokoa maisha yako.

Je, mlima wenyewe unakutaka?

Nenda kwenye ploti ukiwa na macho makini. Angalia miti: kama mashina yamepinda chini kisha yakanyooka juu, udongo umekuwa ukisogea polepole. Angalia kama kuna nyufa ndefu ardhini, chemchemi zinazotokea mahali papya, au kovu la mmomonyoko wa zamani lililofunikwa na nyasi. Uliza wazee wa pale maji hupitia wapi mvua kubwa ikinyesha. Mzee aliyeishi hapo miaka 60 anajua mambo ambayo ramani haionyeshi.

Kisha pima mteremko. Huhitaji mashine ya bei. Chukua kamba ya mita 3, mwenzako ashike ncha moja ardhini upande wa juu, nawe uivute kuelekea chini hadi ilale sawa kwa kipimo cha fundi cha maji. Pima kimo kutoka kamba hadi ardhini upande wako. Ukipata sentimita 45, mteremko wako ni asilimia 15. Rudia sehemu kadhaa.

Mteremko wa asilimia 10 hadi 20 hujengeka vizuri kwa bajeti ya kawaida ukipangwa. Ukizidi hapo, gharama ya msingi hupanda haraka. Na kama ardhi ni ya udongo mweusi unaovimba ukinyesha na kupasuka ukikauka, au umeona zile dalili za kusogea, usiweke hata jiwe moja kabla mhandisi hajachimba mashimo ya kupima udongo. Pesa za kipimo hicho zinauma, lakini ni kidogo mno zikilinganishwa na nyumba iliyopasuka katikati.

Usiuchonge mlima, upande nao

Hebu tupige hesabu. Una ploti ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30, na inateremka asilimia 15 kutoka nyuma hadi mbele. Maana yake ni kwamba nyuma na mbele zinatofautiana kwa mita 4.5. Hicho ni kimo cha zaidi ya ghorofa moja.

Ukitaka kuisawazisha yote, utachimba nusu ya juu na kujaza nusu ya chini. Huo ni udongo wa takriban mita 250 za ujazo, sawa na lori 25 za mita 10 kila moja. Kisha utahitaji kuta mbili za kuzuia udongo, kila moja yenye kimo cha zaidi ya mita 2. Halafu sehemu uliyojaza itaendelea kushuka kwa muda mrefu, nayo nyumba itashuka nayo upande mmoja. Hapo ndipo nyufa za ukutani huanza.

Sasa fanya hivi. Panga nyumba yenye kina cha mita 9, uigawe sakafu mara mbili: sehemu ya juu mita 4.5, sehemu ya chini mita 4.5. Sakafu hizo zitatofautiana kwa sentimita 68 hivi, ambazo ni ngazi nne za kawaida za sentimita 17. Jikoni na mlo juu, sebule chini, ngazi nne katikati. Udongo wa kusogeza, ukiacha mitaro ya msingi, hauzidi mita 10 za ujazo kwa nyumba yenye upana wa mita 12.

Kutoka 250 hadi 10! Na umepata zawadi juu yake: sebule yenye dari ya juu, na aliyeko jikoni anaona bonde juu ya vichwa vya walioketi kwenye sofa.

Pale mteremko ni mkali zaidi, nyumba inaweza kusimama juu ya nguzo upande wa chini. Maji na hewa hupita chini yake, na nafasi hiyo unaweza kuegesha gari, kuweka tangi au baadaye kuongeza chumba cha kukodisha. Nguzo hizo lakini si kazi ya kukisia. Ni za mhandisi.

Maji ndiyo bosi wa mlima

Fundi mzuri wa mlimani huanza na swali la maji. Mvua ikinyesha, maji kutoka ploti zote za juu yatakuja kugonga ukuta wako wa nyuma. Kwa hivyo chimba mtaro nyuma ya nyumba, upande wa juu, unaoyakata maji na kuyazungusha pembeni kabla hayajafika kwenye msingi. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Utapata kesi kwa chifu, na itakuwa ya haki.

Kwa bustani, jibu tunalo hapa Kenya kwa miaka mingi. Wakulima wa Machakos waliokoa milima yao kwa matuta ya 'fanya juu': unachimba mtaro unaofuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi kwenye tuta. Kadri misimu inavyopita, ardhi inajipanga yenyewe kama ngazi. Jina hilo la Kiswahili linatumika hadi leo na wataalamu wa udongo ulimwenguni, ilhali sisi tunaona aibu kuliweka kwenye mchoro wa nyumba ya kisasa.

Ukuta wa kuzuia udongo nao una siri moja: haubomolewi na udongo, unabomolewa na maji yaliyokwama nyuma yake. Acha matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja au mbili, na ujaze kokoto nyuma ya ukuta ili maji yashuke upesi. Mara nyingi kuta mbili fupi zenye kitanda cha maua katikati ni salama na rahisi kuliko ukuta mmoja mrefu. Nyasi za vetiver, ambazo mizizi yake hushuka mita kadhaa wima, husaidia kushika kingo.

Halafu vuna maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mahali panapopata milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 90,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, unabaki na lita 72,000. Weka tangi upande wa juu, chini kidogo ya gata, na maji yatashuka yenyewe hadi kwenye bustani. Tofauti ya mita 3 inatosha kumwagilia sukumawiki kwa matone, ingawa shawa itakuwa ya kudondoka.

Jua la Kenya lina tabia zake

Michoro mingi tunayopakua mtandaoni imetoka Ulaya au Marekani, ambako jua hukaa upande mmoja. Sisi tuko kwenye ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, Desemba linahamia kusini, na Machi na Septemba linapita utosini.

Hii ni habari njema. Ukiielekeza nyumba ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi mashariki na magharibi, jua la mchana utalizuia kwa paa tu. Kwa Nairobi na vitongoji vyake, paa likichomoza sentimita 70 nje ya ukuta huweka kivuli cha saa sita mchana kwenye mita 1.5 za ukuta, mwaka mzima. Madirisha yako yanapata mwanga bila kuchomwa.

Adui ni jua la saa kumi jioni. Linakuja likiwa chini, linapita chini ya paa na kuingia moja kwa moja sebuleni. Ndiyo maana upande wa mlima unaotazama una maana kubwa.

Iten, kwa mfano, imekaa ukingoni ikitazama mashariki kuelekea Bonde la Kerio. Ukijenga huko, mandhari na jua la asubuhi vinakuja pamoja. Fungua vioo uwezavyo. Lakini ukingo wa Limuru unaotazama Bonde la Ufa unaelekea magharibi. Huko mandhari bora na jua kali zaidi ziko dirisha moja. Suluhu ni veranda pana upande huo, mbao zilizosimama wima kama pazia, au mtambaa wa mpasheni unaotoa kivuli na matunda.

Baridi nayo ina hesabu yake. Usiku hewa baridi ni nzito, huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Wakulima wa chai wanajua, maana jalidi hupiga mashamba ya chini kwanza. Kama ploti yako ni ndefu, jenga katikati ya mteremko na uache sehemu ya chini kabisa iwe shamba.

Pia usisahau silingi. Mabati yasiyo na dari hupitisha joto mchana na kulitoa nje lote usiku, ndiyo sababu Julai mnalala na soksi na hudi. Dari yenye tabaka la kuzuia joto juu yake ni uwekezaji bora kuliko hita yoyote. Kuta za mawe nazo hunyonya joto mchana na kulitoa polepole jioni, mradi jua la asubuhi lipate kuzifikia.

Turkana wametuonyesha njia

Usidhani haya ni mambo ya wazungu wa majarida. Ukingoni mwa Ziwa Turkana kuna chuo cha vijana wa teknolojia, Startup Lions Campus, kilichokamilika 2021. Kilichorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, ambaye 2022 aliandika historia kwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa tuzo ya Pritzker, inayochukuliwa kama Nobel ya usanifu majengo.

Eneo lile lina mteremko, naye hakulisawazisha. Majengo yalifuata umbo la ardhi kwa ngazi, yakatumia mawe ya hapohapo, na juu yake yakainuka minara mirefu. Wazo la minara lilitoka kwa vichuguu vya mchwa vinavyosimama kote Turkana. Hewa moto hupanda na kutokea juu ya mnara, hewa baridi ikavutwa kupitia matundu ya chini. Katika joto lile, ndivyo watu na kompyuta hupata nafuu.

Nyumba yako haihitaji mnara. Inahitaji matundu mahali sawa. Mchana upepo hupanda mlima, kwa hivyo weka madirisha yanayofunguka chini upande wa bonde, na mengine madogo juu kabisa karibu na paa upande wa nyuma. Hewa moto itatoka yenyewe bila feni. Katika sehemu za upepo mkali kama Ngong, ambako mitambo ya kuzalisha umeme wa upepo inazunguka juu ya vilima, fanya kinyume kidogo: madirisha madogo upande wa upepo, na safu ya miti ya kuuvunja makali.

Na kama unafikiri ujenzi wa mawe bila makeke ni ushamba, Thimlich Ohinga kule Migori imesimama kwa karne nyingi, kuta za mawe yaliyopangwa bila tone la simiti. UNESCO iliitambua kuwa Turathi ya Dunia 2018.

Nani anakula tokeni zako?

Vijana wengi wakisikia 'nyumba ya kuokoa kawi' hukimbilia paneli. Polepole. Anza kwa kujua nani mlaji.

Shawa ya stima ya kilowati 5, watu wanne, dakika 10 kila mmoja, siku 30: hizo ni yuniti 100 kwa mwezi. Balbu 10 za LED za wati 9, zikiwaka saa tano kila usiku, hazifikishi yuniti 14 kwa mwezi mzima. Sasa umejua mwizi anaishi bafuni.

Kwa hivyo kifaa cha kwanza kununua ni mtambo wa sola wa kupasha maji joto juu ya paa. Ukiondoa shawa na pasi kwenye hesabu, friji ndogo, taa, runinga, Wi-Fi na laptopu zinaweza kutosheka na yuniti 2 au 3 kwa siku. Paneli moja ya wati 400 katika jua letu hutoa takriban yuniti 1.5 kwa siku baada ya hasara za njiani. Paneli mbili na betri ya kiasi, na umejitosheleza siku nyingi. Kwa Nairobi, ambayo iko kusini kidogo ya ikweta, zielekeze kaskazini na uziinamishe kidogo ili mvua iondoe vumbi.

Sheria ya Kawi ya 2019 pia iliweka utaratibu ambapo anayezalisha stima kwa sola anaweza kuingiza ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili yake. Uliza mapema kama unahitimu, ili fundi aweke mita na waya zinazofaa.

Acha miti iliyopo

Kosa la kawaida ni kufyeka ploti nzima 'isafishwe', kisha kununua maua ya sufuria. Mti uliokomaa umeshika udongo na unatoa kivuli ambacho utasubiri miaka 15 kukipata upya. Kabla ya kuchora, weka kila mti mkubwa kwenye ramani, kisha nyumba ipenye katikati yao.

Ukipanda, chagua ya kienyeji kama mukinduri na muiri, mbali na msingi. Mikaratusi iache, inakunywa maji mengi na ni jirani mbaya kwa kisima chako. Njia ya kutembea iwe ya mawe yanayopitisha maji badala ya kumwaga zege kila mahali.

Karatasi kwanza, picha baadaye

Hakiki hatimiliki, hasa kwa ardhi ya urithi ambayo bado iko kwa jina la babu. Mchoro utiwe sahihi na msanifu aliyesajiliwa na mhandisi aliyesajiliwa, upitishwe na kaunti, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Uliza NEMA wanahitaji nini, hasa ukiwa karibu na mto au msitu. Ni usumbufu, ndiyo, lakini X nyekundu ukutani ni usumbufu zaidi.

Kama doo ni kidogo, jenga kwa awamu, na ufuate mpangilio huu:

1. Kipimo cha udongo, mtaro wa juu na matuta.

2. Sehemu moja ya nyumba, ikiwa imeelekezwa vyema na paa linalochomoza.

3. Gata na tangi.

4. Sola ya maji moto.

5. Paneli, betri, na ile sehemu ya pili ya nyumba.

Ona jinsi vitu vya gharama viko mwisho. Mwelekeo wa nyumba, mahali pa dirisha na mti uliouacha havikugharimu hata shilingi, lakini ukikosea hivyo hakuna paneli itakayokuokoa.

Kazi ya wikendi hii basi: usimpigie broka. Nenda kwenye ploti yako saa moja asubuhi uone jua linapotokea. Rudi saa kumi jioni uone linapochomea. Na msimu wa mvua ukianza, vaa gambuti, simama pale unapotaka kitanda chako kiwe, uangalie maji yanapita wapi. Ukishamaliza ziara hizo tatu, utakuwa na la kumwambia msanifu, na utaijua bei ya kweli ya ardhi ambayo watu walikuambia haifai.